Grisi kwenye Baiskeli: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wengi huiona grisi kama kitu cha kulainisha tu: paka, sehemu izunguke vizuri, basi. Kulainisha ni nusu ya kazi yake. Nusu nyingine ni kuzuia maji yasiingie, na kuhakikisha kwamba siku ukitaka kufungua kitu ulichokifunga miaka mitatu iliyopita, kitafunguka. Nimeona fremu nzima ikitupwa kwa sababu bomba la kiti liligandia ndani, na kilichokosekana kilikuwa kijiko kimoja cha grisi. Majibu mengi hapa chini yanarudi kwenye jambo hilo.

Grisi na oili zina tofauti gani?

Grisi ni oili iliyofungwa. Sehemu yake kubwa, mara nyingi zaidi ya robo tatu, ni mafuta ya kawaida yaliyoshikwa na kitu cha kuyaganda, hasa sabuni ya metali kama lithiamu au kalsiamu. Fikiria sponji iliyolowa: sponji haitiririki, lakini ukiibana inatoa maji. Grisi hukaa ilipowekwa, na gololi zinapoizungukia hutoa mafuta kidogo kidogo.

Kwa hiyo oili inafaa pale inapotakiwa kupenya penye nafasi finyu, na unaweza kuiongeza kila wiki bila kufungua kitu. Grisi inafaa penye nafasi iliyofungwa ambayo hutaifungua kwa miezi mingi.

Kwa nini nipake grisi kwenye bolti? Bolti haizunguki.

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu anayelielewa ataelewa mengine bila kufundishwa.

Bolti kavu unapoikaza, sehemu kubwa ya nguvu ya mkono wako inaishia kwenye msuguano: hesi (mifereji ya kuskrubu) dhidi ya hesi, na kichwa cha bolti dhidi ya kile kinachokandamizwa. Spana inakuwa nzito mkononi, unadhani umekaza, kumbe vipande havijabanwa sawasawa. Bolti inalia njiani, kisha inalegea. Yenye grisi inaingia kwa utulivu na nguvu yako inakwenda kwenye kubana.

Jambo la pili ni kutu. Maji yakiingia kati ya hesi yanakaa humo, hayana pa kutokea. Grisi hujaza nafasi hiyo kabla maji hayajaipata.

La tatu ni metali mbili tofauti. Chuma na alumini vikigusana penye unyevu, hasa unyevu wenye chumvi kama jasho, huzaa mkondo mdogo wa umeme, na alumini ndiyo inayoliwa. Unga mweupe unaotokea unahitaji nafasi kubwa kuliko metali iliyoliwa, kwa hiyo unajisokota mle ndani mpaka vipande viwili vinakuwa kama kimoja. Baiskeli imejaa ndoa za namna hii: pedali ya chuma kwenye krenki (mkono unaobeba pedali) ya alumini, bomba la kiti la alumini kwenye fremu ya chuma, vikombe vya ekseli kwenye fremu. Kote huko, utando wa grisi ndio ukuta unaozitenganisha.

Basi nipake wapi hasa ninapounganisha baiskeli?

Anza na pedali. Paka hesi zote mbili, zungusha kwa vidole kwanza, kisha ukaze kwa spana. Pedali ya kushoto ina hesi ya kinyume. Njia rahisi ya kukumbuka: pande zote mbili, ukiwa umesimama upande wa pedali husika na spana ikiwa juu, unakaza kwa kuisukuma kuelekea mbele ya baiskeli na unafungua kwa kuirudisha nyuma. Watengenezaji wengi hutaka newtoni-mita 35 hadi 40, na hiyo ni nguvu ya kutosha, si ya kugusa tu. Pedali iliyolegea hula hesi za krenki kwa siku chache, na krenki iliyoliwa hesi haina tiba rahisi.

Kisha vikombe vya ekseli ya krenki: hesi zote, na uso wa fremu pale kikombe kinapokaa. Kwenye mfumo wa Kiingereza, unaotumika zaidi, kikombe cha upande wa mnyororo ndicho chenye hesi ya kinyume. Mfumo wa Kiitaliano una hesi ya kawaida pande zote. Kikombe kikigoma, hakikisha kwanza unazungusha upande sahihi kabla hujaongeza urefu wa spana.

Bomba la kiti la metali ndani ya fremu ya metali: paka ndani ya fremu na kwenye bomba lenyewe. Shina la usukani la aina ya zamani, lile linalozama ndani ya foki, lipake pamoja na kabari yake na bolti ndefu inayoivuta. Bolti zote za usukani, kiti, kibebeo na vishikio vya chupa zipate tone. Vigingi ambavyo mikono ya breki za rimu huzungukia vipate utando mwembamba. Hesi za spoki unapojenga gurudumu pia, ama sivyo spoki zitajisokota badala ya kukaza, na siku ya kunyoosha rimu hazitageuka kabisa.

Uso wa duara ambapo beringi za usukani hukaa usiusahau. Milio mingi inayodhaniwa kuwa ya krenki hutokea hapo.

Na wapi nisipake kabisa?

Popote breki inaposhika: pembeni mwa rimu kama breki zako ni za raba, diski na pedi zake kama ni za diski. Hapa hakuna "kidogo tu". Osha mikono au badilisha glavu kabla ya kugusa diski, kwa sababu alama ya kidole chenye grisi inatosha kuifanya breki ipige kelele na kushika nusu.

Vipande vya kaboni vinavyobanwa navyo havitaki grisi ya kawaida. Nimeeleza zaidi huko chini. Hali kadhalika hesi zinazotakiwa kuwa na gundi ya bolti.

Diski yangu tayari imeingiwa grisi. Nifanye nini?

Futa diski kwa pombe safi ya kusafishia na kitambaa kisichotoa nyuzi, zaidi ya mara moja, kila mara kwa sehemu safi ya kitambaa. Diski ni chuma, itatakata. Pedi ni habari nyingine: ni kama matofali yenye vitundu, na zikishanyonya mafuta hayatoki yote. Wapo wanaozichoma au kuzisugua kwa msasa, na mara chache husaidia, lakini mimi nabadilisha. Breki si mahali pa kujaribu bahati.

Je, nipake grisi kwenye mnyororo?

Hapana. Najua mnyororo mpya hutoka kiwandani ukiwa na kitu kinachonata kinachofanana sana na grisi, na hapo ndipo wengi hupotoshwa. Hicho kiwandani huwekwa kwa namna ya kufika mpaka ndani ya kila pini. Wewe ukipaka grisi kwa kidole inabaki nje, haifiki kwenye pini na roli ambako kuna msuguano. Huko nje itakusanya mchanga na kuwa kama dawa ya kunolea. Tumia oili ya mnyororo, tone kwenye kila roli, zungusha pedali kinyume kwa muda, kisha ufute nje mpaka pakauke. Na mnyororo mpya usiuoshe, ufute tu kwa nje.

Nawezaje kufanya huduma ya habu (kitovu cha gurudumu) yenye gololi?

Gololi zimo kwenye baiskeli tangu 1869, mwaka ambao fundi wa Paris, Jules Suriray, alipata hataza ya beringi za gololi. Habu ya vikombe na koni ya leo bado inategemea wazo hilohilo, na ni kitu cha ajabu: ukiitunza inaweza kudumu kuliko fremu.

Ondoa gurudumu, fungua nati ya kufungia, kisha koni (kipande kwenye ekseli kinachozibana gololi ndani ya kikombe), upande mmoja tu. Upande wa pili uache ulivyo ili usipoteze kipimo. Toa ekseli taratibu juu ya sinia au kitambaa, maana gololi zitaanguka na moja itatafuta pa kujificha. Zihesabu. Kwa kawaida habu ya mbele ina gololi 10 kila upande za inchi 3/16, na ya nyuma 9 kila upande za inchi 1/4. Ukikuta upande mmoja pungufu, huenda aliyeifungua kabla yako alipoteza moja.

Osha kila kitu kwa mafuta ya taa, kisha ukaushe kabisa. Mafuta ya taa yakibaki, yataiyeyusha grisi mpya. Halafu angalia koni kwenye mwanga mzuri. Mstari unaong'aa ambapo gololi zimepita ni wa kawaida. Vishimo hata vidogo vinamaanisha koni imekwisha, na hakuna grisi itakayoirudisha. Gololi zilizopoteza mng'ao badilisha seti nzima ya ukubwa uleule, usichanganye mpya na za zamani.

Sasa grisi: jaza kikombe, panga gololi moja moja, nazo zitanasa zilipowekwa hata ukigeuza habu. Ongeza grisi juu yake. Rudisha ekseli, kaza koni kwa vidole, kisha anza kutafuta ile hali ambayo ekseli haichezi wala haikwaruzi. Hapo panahitaji subira. Nati ya kufungia inapokazwa hubadilisha kipimo kidogo, kwa hiyo utarudia mara tatu au nne, na hilo halimaanishi kwamba umekosea. Kama ekseli yako ni ile ya kufungwa kwa wenzo wa haraka, acha mchezo mdogo sana unaotoweka gurudumu likishabanwa kwenye fremu, kwa sababu wenzo ule huikandamiza ekseli.

Grisi nyingi sana inaweza kuharibu beringi?

Kwenye mota inayozunguka kwa kasi kubwa, ndiyo, joto hupanda. Gurudumu la baiskeli linazunguka polepole mno kwa tatizo hilo. Kwenye gololi za wazi jaza bila hofu: ya ziada itasukumwa nje, na inapotoka inazuia vumbi mlangoni. Futa tu iliyotoka.

Kwenye hesi na mabomba ni kinyume. Utando unaoonekana kama unyevu unaong'aa unatosha.

Beringi zilizofungwa zinahitaji grisi?

Hutoka kiwandani zikiwa nayo. Ikianza kukwaruza kidogo unaweza kuinua kifuniko chake cha raba kwa ncha ya sindano, ukaosha, ukakausha na kujaza upya. Hiyo huongeza maisha ya beringi ambayo imekauka, lakini haiponyi iliyokwisha kutoboka vishimo. Kinachosaidia zaidi ni kupaka grisi kwa nje, kati ya beringi na kifuniko cha habu, na kutoielekezea bomba la maji ya presha. Maji ya presha hupita raba zile kirahisi.

Friwili yangu inateleza tangu niipake grisi. Kwa nini?

Kwa sababu umeweka grisi nzito mahali pa nyepesi. Ule mlio wa tik-tik ni vijino vidogo vinavyosukumwa na springi nyembamba ili vinase kwenye meno. Grisi nzito huvinatisha, vinachelewa kuinuka, na wewe umesimama juu ya pedali. Unaweza kuanguka vibaya sana. Osha mle ndani na utumie oili, au grisi nyepesi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo na kwa kiasi kidogo. Kwa friwili ya kawaida ya kuskrubu, oili ya matone machache inatosha. Hesi zinazoishikiza kwenye habu, hizo sasa zipake grisi vizuri, kwa sababu kila unapokanyaga unazikaza zaidi.

Vipi breki ya nyuma ya kukanyaga?

Hii, tofauti na breki za rimu na za diski, inataka grisi ndani yake. Metali inasugua metali ndani ya habu, na bila grisi itakwama au kuliwa. Lakini lazima iwe grisi inayostahimili joto kali. Kwenye mteremko mrefu habu ile hupata moto kiasi cha kuunguza vidole, na grisi ya kawaida huyeyuka na kutoka.

Bomba la kiti limegandia. Limekwisha?

Si lazima. Toa bolti ya kubania kwanza (unaweza kushangaa ni wangapi husahau), weka oili ya kupenya pembeni mwa bomba, uache usiku kucha, kisha jaribu kuzungusha kiti kushoto na kulia badala ya kuvuta juu. Kama bomba ni la alumini ndani ya fremu ya chuma, baridi ni rafiki yako: alumini hujikunja zaidi kuliko chuma ikipoa, kwa hiyo barafu kwenye bomba inaweza kuachanisha. Ukipasha moto vyote viwili, bomba litatanuka kuliko fremu na kuzidi kubana.

Likitoka, ondoa unga mweupe wote ndani ya fremu, paka grisi, na ujiwekee ada ya kulitoa na kulipaka tena angalau mara moja kwa mwaka. Weka alama ya urefu kwa kipande cha tepu kabla ya kulitoa.

Kwa nini grisi haifai kwenye kaboni?

Bomba la kaboni linashikwa kwa msuguano, na halipendi kubanwa sana. Ukiweka grisi litashuka. Ukikaza zaidi ili lisishuke, utalipasua. Kuna dawa maalumu ya kuunganishia kaboni yenye chembechembe ndogo zinazoongeza mshiko, ili bolti isikazwe kupita kiasi. Itumie hata pale kipande kimoja tu ni cha kaboni, na ufuate kipimo kilichoandikwa kwenye kipande chenyewe, ambacho kwa bomba la kiti mara nyingi ni karibu newtoni-mita 5.

Ekseli ya ncha za mraba: nipake au nisipake pale krenki inapoingia?

Mafundi wanabishana kuhusu hili, na kila upande una hoja. Wanaokataa wanasema krenki itapanda juu ya mraba kupita kiasi na kupasuka. Wanaopaka wanasema bila utando krenki hulia na kugandia. Maagizo ya mtengenezaji yakisema jambo, lifuate. Yasipokuwepo, mimi hufuta mraba ukabaki safi, napaka utando usioonekana, na kukaza kwa spana ya kipimo. Hatari kubwa zaidi ninayoiona ni watu kukaza bolti ile kila mwezi "kwa usalama". Kila mara krenki inapanda kidogo zaidi. Bolti yenyewe, hapo hakuna ubishi, ipake.

Grisi ya magari inafaa?

Grisi ya lithiamu ya beringi za magurudumu, namba 2 kwenye NLGI, kipimo cha ugumu wa grisi, inafanya kazi vizuri sana kwenye habu, pedali, usukani na hesi. Grisi za baiskeli zenye rangi nzuri mara nyingi zinatofautiana nayo kwa jinsi zinavyostahimili maji. Ukipata ile ya vyombo vya majini, ni bora zaidi kwa anayepita kwenye mvua na matope. Foki za springi zinataka grisi yake maalumu, kwa sababu nyingine huvimbisha raba za ndani.

Mafuta ya kujipaka mwilini huzuia kutu kwa muda, lakini huyeyuka kwa joto la jua na hayawezi kubeba mzigo wa gololi. Mafuta ya kupikia hata usijaribu: yakikaa hugeuka kuwa gundi.

Naweza kuongeza grisi mpya juu ya ya zamani?

Afadhali uoshe kwanza. Grisi mbili zenye vigandishi tofauti zinaweza kukataana, zote zikalainika na kutiririka. Na hata zikikubaliana, ya zamani ina mchanga, nawe unauchanganya tu ndani ya mpya.

WD-40 inaweza kuchukua nafasi ya grisi?

Ile ya kawaida ilitengenezwa kuondoa maji, na herufi WD ndizo zinazosema hivyo kwa Kiingereza: "water displacement". Ni nzuri kwa kulegeza na kusafisha. Ukiipuliza kwenye habu itaiyeyusha grisi iliyomo, gurudumu litazunguka laini siku mbili, kisha gololi zitabaki kavu.

Gundi ya bolti na grisi, nichague ipi?

Moja, kamwe si zote mbili, kwa sababu gundi haishiki penye mafuta. Bolti za diski na za vifaa vingi vya breki huja na gundi ya bluu tayari, ziache hivyo. Kwingine nachagua grisi.

Nikipaka grisi nipunguze nguvu ya kukaza?

Soma maagizo. Vipimo vingi vya sehemu za baiskeli vimewekwa kwa hesi zilizopakwa, basi vifuate kama vilivyo. Pakiandikwa kwamba hesi ziwe kavu, ukapaka grisi na kukaza kwa kipimo kilekile, utabana zaidi ya ilivyokusudiwa.

Nyaya za breki na gia?

Makava ya kisasa yana bomba la plastiki ndani, na waya hupita bila kitu. Grisi nzito humo huzifanya gia zichelewe. Kava za zamani zisizo na plastiki, hizo zipake waya wote.

Nifanye huduma hii kila baada ya muda gani?

Inategemea njia na mvua kuliko miezi. Anayeendesha kila siku kwenye lami kavu anaweza kufungua habu mara moja kwa mwaka. Aliyevuka maji yaliyofika kwenye habu asingoje mwaka, afungue wiki hiyohiyo. Njia ya kujua bila kufungua: inua gurudumu, shika fremu kwa mkono mmoja na ulizungushe kwa mwingine. Mkwaruzo utausikia kwenye kiganja kabla ya masikio. Kisha litikise kushoto na kulia. Likigonga, koni zimelegea.